Tafuta kwa Jicho, Usitafute kwa Sikio

Haya niliyasema Jumamosi mbele ya wanafunzi, waalimu na wazazi waliokusanyika hapa Busia, upande wa Uganda, kabla ya mashindano ya michezo ya maneno ya Kiingereza, hasa Scrabble, ambapo mchezaji hushika kete saba zenye herufi na kuunda maneno ubaoni ili apate pointi. Waliokuwa sokoni na waliokuwa safarini wameomba wapate yote. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni, ila picha nilizoonyesha ukutani hazimo.

Wazee wetu, waalimu wenzangu, akina mama na akina baba, na ninyi vijana ambao macho yenu yako kwenye zile meza za nyuma badala ya kwangu: hamjambo? Nimewaona. Kete hazina miguu, zitawasubiri.

Niulize swali kwanza. Nani hapa anaamini kwamba mtu anayeongea Kiingereza kizuri kuliko wote ndiye atakayeshinda leo? Inueni mikono, msiogope. Banange, karibu ukumbi mzima! Na mwalimu wa Kiingereza kainua miwili.

Sikulaumuni. Hapa Busia mtoto anaamka na Kisamia au Kiteso, anapita sokoni kwa Kiswahili, anaingia darasani anakutana na Kiingereza, na jioni anasikia Luganda redioni. Katika lugha zote hizo, moja tu ndiyo aliyoambiwa ni ya wenye akili. Kiswahili tuliambiwa ni cha askari na cha mpakani. Basi mtoto akiona ubao wa maneno ya Kiingereza anajiambia, huo ni mchezo wa watoto wa Kampala, wa shule za karo kubwa. Anakaa pembeni anatazama.

Sasa nisikilizeni. Mwaka 2015 mashindano ya dunia ya Scrabble kwa Kifaransa yalifanyika Ubelgiji. Fainali ilikuwa kati ya mchezaji wa Gabon, Mwafrika mwenzetu kutoka nchi ya Kifaransa, na Nigel Richards wa New Zealand. Richards hazungumzi Kifaransa. Sisemi anakizungumza vibaya. Nasema hakizungumzi. Aliichukua orodha ya maneno ya mchezo, akakaa nayo kwa wiki 9, akayaweka kichwani kama yalivyoandikwa, bila kuhangaika na maana wala matamshi. Akamshinda mwenye lugha. Mwaka 2018 akarudi, akashinda tena kwa Kifaransa hichohicho. Mwaka 2024 akaenda Granada, Hispania, akacheza kwa Kihispania, lugha nyingine asiyoizungumza, akapoteza mchezo 1 kati ya 24 na kuwa bingwa wa dunia.

Mbona hamuinui mikono tena?

Sitaki mtoke hapa mkisema mwalimu kawaambia muache kusoma Kiingereza. Mtihani hauna huruma hiyo. Ninachosema ni kwamba kuongea lugha ni kazi moja, na kutafuta neno lenye herufi fulani ni kazi nyingine kabisa. Ya pili ina ufundi wake. Ufundi unafundishika, na haumuulizi mtu baba yake anafanya kazi gani.

Tuanze na sikio, maana hapo ndipo wengi wetu tunapofungwa. Sisi tumelelewa na lugha zinazoandikwa kama zinavyosikika. Ukisikia "kitabu" utaandika kitabu hata kama hujawahi kuliona neno hilo. Kila konsonanti inakuja na irabu yake, na neno linaishia na irabu. Ni raha! Kwa hiyo mchezaji wetu akipewa kete saba, anafanya nini? Ananong'ona. Nimemtazama binti mmoja wa sinia ya tatu, yaani kidato cha tatu, hodari wa hesabu, midomo inamcheza mchezo mzima: ta, ti, ga, hi. Mbele yake kulikuwa na G, H, I, N, T. Neno la usiku, NIGHT, lilikuwa limekaa pale linamtazama, naye hakuliona, kwa sababu alikuwa analisubiri lisikike. Na GH ya NIGHT haisikiki. Imekufa zamani midomoni mwa Waingereza, wakasahau kuizika kwenye maandishi.

Chukueni ROUGH, COUGH, THOUGH, THROUGH. Mwisho uleule wa herufi nne, sauti nne tofauti. Anayetafuta kwa sikio ataona maneno manne yasiyohusiana. Anayetafuta kwa jicho ataona OUGH, kifurushi kimoja kilichofungwa tayari, kinachosubiri herufi za mbele. Na ninyi mnaoongea Luganda, mnaotaniwa kila siku kwa L na R: kwenye ubao hakuna atakayekutania. L ni L na R ni R, zimechongwa kwenye kete. Ubao hausikii lafudhi. Ubao unaona tu.

Sawa, tumekubaliana kufunga mdomo na kufungua jicho. Jicho lenyewe litazame nini?

Litazame kwanza kwamba herufi hazina uzito sawa. Alfred Butts alikuwa mchoraji wa majengo katika jimbo la New York, Marekani, miaka ya 1930, wakati uchumi ulipoporomoka na kazi zikakauka. Hana kazi, afanye nini? Akaamua kubuni mchezo huu wetu. Lakini hakukaa akakisia kila herufi iwe na kete ngapi. Alichukua gazeti, akahesabu herufi za kurasa zake kwa mkono: E ngapi, T ngapi, Q ngapi. Kutoka kwenye hesabu hiyo tukapata kete 100 tunazocheza nazo mpaka leo: E 12, A na I 9 kila moja, O 8, kisha N, R na T 6 kila moja. J, K, Q, X na Z wamepewa kete moja moja. Na S je? S imejaa kila mahali katika Kiingereza, maana ndiyo inayogeuza umoja kuwa wingi. Butts akaweka 4 tu, ili watu wasimalize mchezo kwa kubandika S mwisho wa kila kitu. Jina la Scrabble lilikuja baadaye, mwaka 1948, kupitia mshirika wake James Brunot.

Fanyeni jambo moja mkifika nyumbani. Chukueni ukurasa wa kitabu cha Kiswahili, hesabuni herufi. A itawajaza daftari. Q na X hamtaziona kabisa, labda kwenye jina la mtu. Ndipo mtaelewa kwa nini mkono wenu umezoea herufi fulani na unaziogopa nyingine. Mtu akishika Q hapa Busia anaishika kama sarafu bandia, anataka tu imtoke.

Tutarudi kwa Q. Ninaipenda kuliko zote.

Kwanza niwafundishe kupanga kete. Mmezipata saba, zimekaa ovyo. Usizitazame vile zilivyokuja. Zipange kwa utaratibu wa alfabeti, A kwenda Z. Kwa nini? Kwa sababu maneno yenye herufi zilezile, ukiyapanga hivyo, yote yanakuwa kitu kimoja. LISTEN, SILENT, ENLIST, INLETS, TINSEL: kusikiliza, kimya, kuandikishwa jeshini, vihori, na lile karatasi la kumetameta la Krismasi. Yapange herufi zake yote matano, yanatoka E, I, L, N, S, T. Kwa hiyo mchezaji hodari hakariri maneno matano mahali patano. Anakariri EILNST, na akiliona tu anajua ndani yake watu hao wote wanaishi. Wachezaji wakubwa wa dunia wanasoma hivi. Kompyuta nazo zinatafuta hivihivi, nitaeleza baadaye kidogo.

Pili, vunja mwanzo na mwisho. Ukiwa na I, N, G, ziweke pembeni kulia. Umebakiwa na nne tu za kufikiria. Ukiwa na E na D, hivyo hivyo. E na R. E, S, T. L na Y. Mbele kuna RE, UN, OUT, OVER. Sisi Waswahili tunapaswa kuwa mabingwa wa jambo hili! Sisi ndio tunaosema "hatutawapigia" na mtoto wa miaka mitano anaelewa vipande vyote. Viambishi ni mali yetu. Kiingereza kinavyo vichache tu, na bado tunavikimbia?

Tatu, na hapa waalimu mchukue kalamu: kuna vifurushi vya herufi sita ambavyo vikipata jirani mmoja huzaa neno la herufi saba karibu kila mara. Ukitumia kete zote saba kwa pamoja unapata pointi 50 za ziada, na mchezo mara nyingi unaamuliwa hapo. Andikeni A, E, I, N, S, T. Sasa ongezeni D: INSTEAD, STAINED. Ongezeni G: SEATING, TEASING. L: SALIENT, ENTAILS. M: INMATES. R: NASTIER, RETAINS, na mengine kibao. V: NATIVES. Ongezeni H, mtapata SHEITAN. Ndiyo, shetani mwenyewe, kapewa makao kwenye kamusi yao. Naona mchungaji anacheka.

Maana yake ni nini wakati wa mchezo? Ni kwamba ukishika A, E, I, N, S, usikimbilie kuzitoa kwa pointi sita. Zitunze. Toa zile nzito na ngumu, subiri mgeni aje. Vijana wengi hawana subira hiyo. Wanaona neno la kwanza wanalirusha ubaoni kama kwamba litaoza.

Nne, ndoano. Neno likiwa tayari ubaoni, jiulize: herufi gani moja inaweza kukaa mbele yake, na ipi nyuma yake? LATE iko pale, ya mwenzako. Weka P mbele: PLATE. S: SLATE. E: ELATE. Nyuma weka R: LATER. X: LATEX, yenye pointi zake 8 za X peke yake. Umelichukua neno la mtu, ukaongeza kete moja, ukapata pointi zake zote na zako. Si wizi, ni sheria!

Sasa Q.

Wangapi mmefundishwa kwamba Q katika Kiingereza lazima ifuatwe na U? Wote. Na waliowafundisha hawakukosea, kwa Kiingereza cha darasani. Lakini orodha ya mchezo ni pana. Orodha ya kamusi ya Collins, inayotumika katika mashindano ya kimataifa, ina maneno karibu 280,000, na humo Q inatembea bila U mara nyingi kuliko mnavyodhani. Ndogo kuliko zote ni QI, neno la Kichina la nguvu ya uhai. Ikae vizuri, Q kwenye mraba unaozidisha herufi mara 3, halafu uunde QI kwa kulala na QI kwa kusimama kwa pamoja, inakupa pointi 62. Kwa neno la herufi mbili!

Lakini mengine hayo yanatoka wapi? Sikilizeni niyasome polepole, na Waislamu waliomo humu wanisaidie. QADI. Nani? Kadhi, ahsante mzee. QIBLA. TALAQ. FAQIR. NIQAB. WAQF, yaani wakfu. FIQH. TARIQA. QASIDA, ile mnayoimba kwenye maulidi! Yote yamo kwenye orodha, yote yanakubalika mezani. Na QAT, ambayo hapa Uganda tunaiita mairungi na Wakenya ng'ambo ile ya mpaka wanaiita miraa. Sisemi mkaitafune. Nasema mkaicheze.

Mnaona mambo? Mtoto wa Uingereza akipata Q bila U anatoa jasho, kwa sababu maneno haya kwake ni ya kukariri, yametoka mbali. Mtoto aliyesoma madrasa Busia au Bombo amekua nayo masikioni. Anachohitaji ni kujifunza tahajia tu, kwamba pale anapoandika K, wao wameandika Q.

Na si Kiarabu tu. Waingereza walipokuja huku hawakurudi mikono mitupu, walibeba na maneno. KANZU imo: K pointi 5, Z pointi 10, jumla 18 kabla ya miraba ya bonasi. Kwa hiyo mkwe ukivaa kanzu kwenye kwanjula, ile sherehe ya kujitambulisha ukweni, jua umevaa pointi 18. MZEE imo, pointi 15, na inaweza kuongezewa S. Mzee wangu hapo mbele, kwa Kiingereza wingi wako ni MZEES, utusamehe. UHURU imo, dawa ya mtu aliyelemewa na U tatu. ASKARI imo. MATOKE imo. KOB imo, yule swala wa kwetu aliyesimama kwenye nembo ya taifa upande mmoja, na korongo upande wa pili. MATATU nayo imo, ingawa wao wanamaanisha gari la abiria la Wakenya. Wangejua kwamba kwetu huo ni mchezo wa karata wangeshangaa. UGANDA haimo. Majina ya nchi na watu hayaruhusiwi, msije mkagombana na refa.

Wengine wanaoteseka ni wale waliopata konsonanti tupu. Hakuna irabu hata moja, umekata tamaa, unataka kubadilisha kete upoteze zamu. Ngoja. Y inasaidia: RHYTHM, MYRRH, LYNX, HYMN. Na hata bila Y, Wales wametuletea CWM, bonde, na CRWTH, kinanda cha nyuzi cha zamani. Halafu kuna milio ya midomo: SHH, BRR, PSST, HMM. Haya ni maneno halali, jamani. Ukinyamazisha mtoto kwa SHH umetamka neno la kamusi. Upande wa pili, aliyejaziwa irabu tupu, ana AA, AE, AI, OE, ana ADIEU, ana AUDIO. V ndiyo mkaidi kuliko wote: hakuna neno la herufi mbili hata moja lenye V. Ikikushika mwisho wa mchezo, pole.

Nikiyataja maneno ya herufi mbili naona vijana wanakunja uso. Wanataka makubwa, ya kumfanya jirani aseme loo! Basi niwape habari ya Perth, Australia, Novemba 2015. Fainali ya dunia kwa Kiingereza. Wellington Jighere wa Nigeria dhidi ya Lewis Mackay wa Uingereza. Mwingereza, kwa Kiingereza! Jighere akashinda michezo minne kwa bila, akawa Mwafrika wa kwanza kuchukua taji hilo. Na katika mchezo wa mwisho neno lililosifiwa magazetini lilikuwa FELTY, pointi 36. Herufi tano. Wanigeria wanajulikana kwa hilo: badala ya kufukuzia neno refu kila zamu wanaweza kuchagua fupi, lenye pointi nzuri, linalomfungia mwenzao njia na kuwaachia wao kete njema mkononi.

Toleo la Collins la mwaka 2019 lina maneno 127 ya herufi mbili. Mia moja ishirini na saba tu! Mtoto wa shule ya msingi anaweza kuyamaliza kabla muhula haujakwisha, mawili matatu kwa siku akienda kuteka maji. Hayo ndiyo yanayokuwezesha kulaza neno lako sambamba na la mwenzako, kila kete ikihesabiwa mara mbili. Ningekuwa na uwezo wa kuwafundisha kitu kimoja tu leo ningefundisha hayo, na hotuba hii ningeifuta.

Na kuna hesabu. Mmewahi kumtazama mzee anayecheza mweso? Anapiga hadithi, anacheka, kumbe mbegu zote za upande wa pili amekwisha kuzihesabu. Kwenye Scrabble kete ni 100 na zote zinajulikana. S nne zikishatoka, hakuna anayeweza kukushangaza na S, isipokuwa mwenye kete tupu, nazo ni mbili. Wekeni alama kwenye karatasi kila kete ikitoka. Mfuko ukiisha, mtajua mpinzani ameshika nini kama mmemchungulia.

Sasa simu. Najua mmekuwa mkisubiri. Kuna programu na tovuti ambazo unaziandikia herufi zako, na kwa sekunde moja zinakumwagia kila neno linalowezekana. Wazazi wananiuliza, je, hiyo si kudanganya?

Wakati wa mchezo, ndiyo, ni kudanganya, na leo atakayeonekana na simu mezani anatoka nje. Baada ya mchezo ni shule. Cheza kwanza kwa kichwa chako, andika kete zako za zamu iliyokusumbua, ukifika nyumbani ziulize. Utaona neno uliloliacha. Neno uliloumia kulikosa halisahauliki.

Na si lazima uwe na bando. Faili la maneno yote 280,000 ni kama megabaiti 3, dogo kuliko wimbo mmoja mnaotumiana. Kwenye kompyuta ya shule, hata isiyo na intaneti, linakaa na linatafutika. Mashine inafanyaje? Ileile niliyowaambia: inachukua kila neno, inapanga herufi zake kialfabeti, kisha inalinganisha na zako zilizopangwa vilevile. Ukitaka neno lenye umbo fulani, programu nyingi zinakubali alama ya kuuliza kwa herufi moja usiyoijua, na nyota kwa herufi zozote kadhaa. Andika nyota, Q, nyota, upate kila neno lenye Q. Waliosoma kompyuta wanajua grep, amri ya kutafuta ndani ya maandishi, ambayo inaweza kuulizwa "nipe maneno yenye Q isiyofuatwa na U". Wachezaji wa mashindano wana programu zao, Zyzzyva kwa kukariri na Quackle kwa kucheza na mashine.

Vijana wengi hapa nimewaona na Wordle, mchezo wa kubahatisha neno lililofichwa, kwenye simu. Josh Wardle aliutoa mwaka 2021, na mwanzoni mwa 2022 gazeti la New York Times likaununua. Neno moja la herufi tano kwa siku, majaribio sita. Mnaanza na neno gani? ADIEU, nasikia. Wengi mnapenda irabu. Lakini irabu peke yake hazitofautishi maneno sana. Konsonanti za kawaida kama R, N, T, S na L ndizo zinazochuja. Roboti ya gazeti hilo, inayochambua michezo ya watu, iliwahi kupendekeza neno moja la kuanzia kuliko yote. Mnalijua? CRANE!

Korongo wetu, jina la timu yetu ya taifa ya mpira. Tulieni, tulieni, si mechi.

Na mtego mmoja kabla sijakaa. Kwenye Wordle umepata IGHT mwishoni, herufi nne zote za kijani, yaani ziko mahali pake, umebakiwa na majaribio matatu, umefurahi. Usifurahi! LIGHT, NIGHT, MIGHT, FIGHT, SIGHT, RIGHT, TIGHT, yote yanafaa. Ukijaribu moja moja jua litazama. Poteza jaribio moja kwa makusudi: andika FORMS. Neno hilo si jibu, unajua si jibu, lakini linauliza F, R, M na S kwa mpigo. Isipotokea hata moja, katika hayo saba umebakiwa na L, N na T, tena una majaribio mawili. Watu wengi hawawezi kufanya hivyo. Moyo unakataa kuandika neno wanalojua si sahihi.

Basi, meza zimeshapangwa. Kila meza ina mfuko mmoja. Zihesabuni kete kabla ya kuanza, ziwe 100, msije mkaniambia saa tisa kwamba Z imepotea. Saa anashika mwalimu wa hesabu. Wanaosubiri zamu, msikae bure, chukueni karatasi. Nawapa A, E, G, I, N, R, T. Nataka maneno yasiyopungua matatu yanayotumia zote saba, na atakayeniletea manne nitamnunulia rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, pale kwa mama wa chapati. Midomo imefungwa. Anzeni.